Aluminium 6063 au 6061 kwa fremu ya duka karibu na bahari?

mpambanaji_msasani: Wakuu habari za jioni, nina fremu mbili za duka Msasani nataka kufunga vioo mbele, juu mpaka chini mita nne kasoro na upepo wa bahari unapiga kabisa. Fundi mmoja kasema aluminium aina ya 6063 T5 (T ni namna ilivyokomazwa kwa joto) inatosha, mwingine anasema hiyo laini, nijikaze nichukue 6061 T6 ndo kioo hakitacheza. Nimsikilize nani?

fundi_vioo: Mkuu chukua 6063. Kwenye nguvu huyo wa pili hajakudanganya, kiwango cha chini T5 ni megapaskali 110, 6061 T6 ni 240, ila kuyumba ni habari nyingine maana aluminium zote ukakamavu wake, yaani kukataa kupinda, unakaribiana, gigapaskali 69 hivi, kwahiyo ukibadilisha namba ukaacha profaili (umbo la bomba) ileile nguzo itacheza vilevile. Hela hiyo peleka kwenye kina. Bomba la 50 kwa 50 unene milimita 2, ukienda 100 kwa 50 unene uleule, ukakamavu unapanda kama mara tano, hakuna aloi (mchanganyiko wa metali) itakayokupa hiyo.

dada_wa_hadiwea: Kama nguvu inakusumbua kuna 6063 T6, megapaskali 170, uso wake ni uleule mlaini. 6061 ina shaba kidogo, ukiipiga anodaizi (tabaka la kinga linalowekwa kwa umeme) haitoki safi kama 6063, na chumvi inaiuma zaidi.

mkazi_kigamboni: Mnasahau skrubu jamani!! Dirisha langu profaili nzuri tu, fundi akafunga skrubu za chuma cha kawaida, haukuisha mwaka nikaona unga mweupe unazunguka kila kichwa cha skrubu, ukipitisha kidole gumba rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Dai skrubu za stenlesi, tena daraja la 316, na anodaizi ya mikroni 20 mpaka 25, ile ya 10 ni ya ndani.

fundi_vioo: Kweli kabisa, na saruji mbichi isiguse fremu, inakula aluminium. Acheni karatasi ya kinga mpaka plasta ikauke, na mkibandua futeni siku hiyohiyo.

mpambanaji_msasani: Asanteni sana. Kesho naenda na rula, yule wa kwanza alinionyesha profaili ya 50, namwambia aniletee ya 100 kwa 6063 T6 kwanza tuongee bei.