Lenzi ya 50mm: f/1.8, f/1.4 au f/1.2? Nataka ukali na ukungu wa nyuma

MsakaNuru
Wakuu, salaam. Nina DSLR ya Canon, fulu-fremu (yenye sensa kubwa, ile inayopokea picha), na zumu ya 24-105mm f/4. Nikipiga picha ya mtu, ukuta wa nyuma unasomeka kuliko uso wake. Nataka 50mm moja nitulie nayo. Nimechuja zimebaki nne, zote za EF (zinazokaa kwenye DSLR za Canon): Canon 50mm f/1.8 STM, Canon 50mm f/1.4 USM, Sigma 50mm f/1.4 Art na Canon 50mm f/1.2L. Napiga watu, mara nyingi ndani kwa mwanga wa dirishani. Macho yakate kama wembe, nyuma kuyeyuke. Ipi?

Mwanga_Hafifu
f/1.8 STM. Gramu 160, utasahau kama umeivaa. Ukishapiga nayo mwaka mzima rudi hapa uulize tena.

FundiKioo
Mkuu hapo juu amekata mkato, ngoja nifungue kidogo.

Namba ya f ni hesabu ya kugawanya: urefu wa fokasi (hapa 50mm) kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga kwenye lenzi. 50 kwa 1.8 ni tundu la milimita 28 hivi. Kwa 1.4 ni 36, kwa 1.2 ni 42. Shika hizo milimita, kwa sababu taa iliyo mbali sana nyuma itatanuka kuwa duara lenye upana uleule wa tundu, ukilipima pale aliposimama mtu wako. Uso una upana wa kama milimita 150. Kwa f/1.8 duara linafika karibu sehemu moja ya tano ya uso, kwa f/1.2 linapita robo. Tofauti ipo, inaonekana.

Ila hiyo ni nyuma ya mbali. Mtu akiwa mita 1.5 kutoka kwako na ukuta nusu mita nyuma yake, duara linabaki robo ya lile la kwanza, na f/1.2 yenyewe inakupa milimita 10 tu. Sasa msogeze, ukuta uwe mita 4.5 nyuma yake. f/1.8 inakupa milimita 21. Lenzi ndogo kuliko zote kwenye orodha yako imeipiga ile ya f/1.2 maradufu, kwa hatua chache za miguu.

MsakaNuru
Loh! Miaka yote nawapanga watu wakiwa wameegemea ukuta. Na hii zumu yangu je?

FundiKioo
Ukiivuta hadi 105mm, f/4, tundu ni milimita 26. Karibu sawa na 50mm f/1.8! Kama nyuma ni mbali, ukungu utakuwa karibu uleule, ila lazima urudi nyuma kama mara mbili ya umbali ili umpate mtu kwa ukubwa ule. Chumbani hutapata nafasi hiyo. Na mwanga, f/1.8 inaingiza karibu mara tano ya f/4. Hapo ndipo 50mm inajilipia.

JichoLaPaka
Tusiisahau hoja ya mwanga. f/1.4 inaingiza kama asilimia 65 zaidi ya f/1.8. Ulipohitaji ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 3200, sasa unahitaji 2000. Chenga kwenye picha zinapungua, si sana. Mimi singenunua f/1.4 kwa sababu hiyo peke yake.

Kuhusu ukungu wenyewe, wingi wake ni jambo moja, sura yake ni jingine. Weka majani yenye jua nyuma ya mtu uone. Kuna lenzi zinayageuza kuwa pamba, na kuna zinazoyachora mistari miwili miwili hadi kichwa kinauma. Pembeni mwa picha maduara yanabanwa yanakuwa kama jicho la paka (ndiyo, jina langu limetoka huko). Ukifunga tundu kidogo yanarudi kuwa mviringo, lakini idadi ya mabapa ya tundu (vipande vinavyolifunga) inaanza kujionyesha: STM na L zimepewa saba na nane, Sigma tisa. Lenzi ya zamani ya f/1.8 II ya mwaka 1990 ilikuwa na matano, na taa zake zilikuwa pembetano kabisa.

KopeMoja
Kaka Msaka, kwenye ukali orodha yako ina makundi mawili.

STM na f/1.4 USM ni watoto wa muundo wa zamani, ule ambao Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss aliutoa mwaka 1896 kwa jina la Planar. Vioo sita au saba, basi. Ukifungua tundu lote, katikati kunapendeza lakini kuna utandu mwepesi, kama kioo kilichopumuliwa. Funga hadi f/2.8 utandu unaondoka. f/5.6 huna cha kulalamika. Sigma ya 2014 imejengwa kwa vioo 13 ili iwe kali tangu f/1.4, na kweli ni kali, lakini ina gramu 815 na filta ya 77mm. Shingo yako ndiyo itakayoamua. L nayo hainunuliwi kwa ukali. Ikifunguliwa yote ni laini kwa namna yake, na ukipiga karibu huku umefunga tundu kidogo, fokasi inasogea nyuma ya pale ulipoiweka. Wanaoipenda wanapenda rangi na ule ulaini.

Sasa jambo linalowatesa wengi. Ukiwa mita moja na f/1.4, sehemu yote iliyo ndani ya fokasi ni kama sentimita 3.2, f/1.2 haifiki 3. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya hapo mara kadhaa. Mtu akipumua tu umelikosa jicho, halafu unasema lenzi si kali. Nilikuwa na lenzi moja nikailaani miezi mitatu, kumbe ilikuwa inafokasi sentimita mbili mbele ya jicho kila mara. Kwenye DSLR mashine ya fokasi haiko kwenye sensa yenyewe, hivyo zinaweza kutofautiana. Jaribu kwa kutumia skrini ya nyuma: picha ikiwa kali huko na si kali kwenye kitundu cha jicho, rekebisha fokasi kwenye menyu, kama kamera yako ina sehemu hiyo.

Kidole_cha_Shata
Natandika mkeka hapa. Sisi wenye sensa ndogo vipi?

Mwanga_Hafifu
50mm kwako itabana, inaona kama 75 au 80. Tafuta 35mm f/1.8. Ukungu utapungua, ukubali.

MsakaNuru
Nimerudi. Rafiki aliniazima STM jana. Mtu nimemtoa ukutani, dirisha ubavuni, f/1.8, mita moja na kidogo. Nyuma kumeyeyuka kweli. Nachukua hii, zile tatu nimezifuta. Picha nimeipachika, semeni ukweli.

KopeMoja
Nzuri sana kaka. Mwanga umekaa. Ila kope za jicho la mbali ndizo zimekata. Hili la karibu limekwenda na ukungu.