Mrejesho: Diwani wetu na shahada hewa

Wadau, niliuliza kama nimwandikie diwani wetu baada ya kubainika kwamba shahada aliyojinadi nayo kwenye kampeni hakuwahi kuipata. Wengi mlisema niandike. Nimeandika, naye amejibu: eti ni makosa ya uchapishaji kwenye vipeperushi. Uchapishaji! Mtu aliitaja jukwaani kwa kinywa chake, tena kwa madaha.

Kinachoniuma si shahada yenyewe. Udiwani haukuihitaji, na ningempigia kura hata bila hiyo, maana kwenye mikutano alikuwa anatusikiliza kweli. Sasa kila taarifa ya matumizi anayotusomea naitilia shaka. Nimeomba nakala za mihtasari ya vikao vya baraza nijisomee mwenyewe. Kujiuzulu amegoma, kwa hiyo tunaye mpaka uchaguzi ujao.