Havanese: chokoleti, dhahabu ya ncha nyeusi, au mweusi mwenye kola nyeupe?

Sina_Haraka
Wakuu, heshima kwenu. Natakiwa kutoa jibu ndani ya wiki hii. Nimeonyeshwa watoto watatu wa mbwa aina ya Havanese, wote madume. Wa kwanza ni kahawia mtupu, chokoleti hasa. Wa pili ni rangi ya dhahabu ila ncha za manyoya yake ni nyeusi, mgongoni na masikioni, utadhani alianikwa juu ya moshi. Wa tatu mweusi, kifua cheupe, kola nyeupe shingoni na soksi miguu yote minne. Mke wangu anamtaka wa pili, binti yetu wa tatu, mimi nimeshikwa na chokoleti. Nimchukue yupi?

Binti_Chanuo
Wa tatu. Mjadala umefungwa.

Mkia_Juu
Mjadala haujafunguliwa hata. Mkuu, umetupa rangi tu. Wana umri gani? Umewaona wazazi, au umeona picha? Na pua ya huyo kahawia ina rangi gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Sina_Haraka
Ni picha nilizotumiwa. Umri sikuuliza, nadhani kama wiki sita. Pua... ngoja niikuze picha. Nayo kahawia. Ni kasoro?

Mkia_Juu
Si kasoro, ndivyo inavyotakiwa. Chokoleti wa kweli hana weusi popote: pua, midomo, kingo za macho, vyote kahawia. Ukiona pua nyeusi kwenye manyoya ya kahawia, huyo ni wa ncha nyeusi aliyekolea, hata kama muuzaji anaapa. Na rangi hiyo mtoto lazima airithi kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo maana wazazi weusi wawili wanaweza kuzaa mtoto kahawia, watu wakaanza kumtazama vibaya mbwa wa jirani.

Mama_Simba
Naomba mnivumilie, nina kisa cha hao wa ncha nyeusi.

Wangu nilimchukua akiwa mwekundu wa dhahabu, ncha nyeusi tii, na uso kama amejipaka masizi. Nikamwita Simba, jina lilimkaa. Alipofika miezi minne nilikuwa nampiga burashi nyuma ya sikio, manyoya yakafunguka, nikaona chini kweupe. Nikafunua mgongoni, vilevile. Unywele mmoja una rangi tatu: juu nyeusi, katikati dhahabu, karibu na ngozi kama maziwa. Nikajua mbwa anaumwa. Nikabadilisha chakula, nikabadilisha sabuni. Nikampigia aliyeniuzia, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba namwogesha vibaya. Nikaamini! Miezi miwili nikawa namwogesha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Mwisho nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akayagawa manyoya kwa vidole viwili, akatazama, akaniomba picha ya zamani. Alipoiona akacheka mpaka akaweka miwani mezani. Akasema mbwa ni mzima kabisa, rangi ndiyo inayohama. Sasa ana miaka miwili, ni krimu, weusi umebaki ncha za masikio tu. Wageni wakisikia anaitwa Simba wananitazama mimi, si mbwa.

Kwa hiyo Sina_Haraka, mwambie shemeji yetu huyo anayempenda pichani huenda asimwone tena baada ya mwaka.

Kobe_Mwendo
Pole dada, ila usiwachome wote. Wapo wa ncha nyeusi wanaobaki wamekolea maisha. Na hao wengine nao hawana dhamana: chokoleti wengi hufifia wakawa karameli yenye maziwa mengi, na wapo weusi wanaogeuka fedha polepole. Namna ya kubahatisha vizuri ni kufunua manyoya na kutazama mizizi, maana inayotoka chini ndiyo inayokuja. Hilo kwenye picha hulioni. Nenda ukamshike.

Binti_Chanuo
Halafu mkinyoa. Huyo wa ncha nyeusi akinyolewa mafupi, ncha zote zinabaki sakafuni na kinyozi anakurudishia mbwa mwingine. Mweusi na mweupe hata umnyoe vipi ni yuleyule.

Kobe_Mwendo
Kwani kuna ulazima wa kunyoa?

Binti_Chanuo
Subiri afike kati ya miezi tisa na mwaka, manyoya ya utotoni yanapopisha ya ukubwani. Yanasokotana kwapani na nyuma ya masikio usiku mmoja. Ukikosa chanuo siku tatu utaomba mkasi mwenyewe.

Sina_Haraka
Muuzaji anasema chokoleti ni adimu, ndiyo maana bei yake imepanda juu ya wenzake. Ni kweli?

Mkia_Juu
"Adimu" ni neno la sokoni. Kanuni za AKC, chama cha mbwa cha Marekani, zinakubali rangi zote na mabaka yote bila kupendelea hata moja. Za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, namba 250, zinataja orodha: kahawia ya Havana, rangi ya tumbaku, nyekundu ya kahawia, dhahabu iliyopauka kwa viwango vyake, nyeusi, na nyeupe tupu ambayo wanasema ni nadra. Mabaka ya rangi hizo ruksa. Huko kote chokoleti ni wa kawaida tu.

Asili_Halisi
Mnasahau kwamba asili ya mbwa huyu ni mweupe. Kule Cuba aliyemtangulia aliitwa Blanquito de la Habana, yaani kaweupe ka Havana. Hizi kahawia na nyeusi zimeingia baadaye. Anayetaka Havanese kamili atafute mweupe.

Kobe_Mwendo
Ndugu, kwa hesabu hiyo nasi turudi kwa mababu wa mababu. Baada ya mapinduzi ya 1959 mbwa hawa waliotoka Cuba walikuwa wachache sana, na kule Marekani Dorothy Goodale alianza kuwazalisha upya miaka ya 1970 akiwa na mbwa 11. Mlango mwembamba namna ile, halafu leo uanze kuchagua rangi?

Asili_Halisi
Sijasema tuchague. Nimesema asili ni asili.

Mama_Simba
Mweupe na machozi yake yale ya kutu chini ya macho? Asante, krimu inanitosha.

Mkia_Juu
Kitu kimoja tusikipite. Ukiletewa mwenye mabaka ya kijivu yaliyovurugika kama mawingu, wanamwita "meli", muulize kwa makini alikotoka. Si rangi ya jadi ya Havanese, mara nyingi kuna damu ya mbwa mwingine, na mtoto akiipata kwa wazazi wote wawili anaweza kuzaliwa kiziwi au kipofu.

Binti_Chanuo
Kwa hiyo meli hiyo tusipande.

Mkia_Juu
Hata bandarini usiende. Sasa Sina_Haraka, vyeti: macho, kwa sababu ya mtoto wa jicho. Magoti, kwa sababu kifuniko hupenda kuteleza. Nyonga. Na masikio yapimwe kama yanasikia, kwa kipimo kile cha waya kichwani. Usimchukue kabla ya wiki nane, hata akisema anakula mwenyewe.

Sina_Haraka
Nimempigia. Wana wiki saba. Mama ni mweusi, vyeti vya macho na magoti anavyo. Baba "yupo mbali", hajanionyesha. Masikio ya watoto bado. Nimemwambia nakuja Jumamosi nifunue manyoya nione mizizi, akanyamaza kidogo, kisha akasema karibu.

Halafu kumbe kuna wa nne! Jike, jeupe, baka moja tu sikioni. Hakumpiga picha kwa sababu alikuwa amelala. Mke wangu amesikia "jike" ameshaacha kuzungumzia yule wa dhahabu.

Asili_Halisi
Mweupe! Si nilisema?

Binti_Chanuo
Baka la rangi gani?

Mkia_Juu
Achaneni na baka. Alikuwa amelala wenzake wakipiga kelele na kamera usoni? Mpigie makofi kwa nyuma utakapofika, asikuone.