Mrejesho: silika yangu yenye vitundu kuyeyuka kwenye bafa

Wakuu, niliuliza kwa nini MCM-41 yangu (aina ya silika yenye vitundu vidogo sana) inapoteza vitundu vyake nikiiloweka kwenye bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayozuia pH isiyumbe), pH 7.4, nyuzi 37. Nimerudi na jibu, na asanteni sana aliyeniambia niangalie kiasi cha maji, ulipatia kabisa.

Kumbe silika inayeyuka kwa maji kukata bondi za Si-O-Si, inatoka asidi ya siliki, na haikomi mpaka maji yashibe silika iliyoyeyuka, yaani kama miligramu 100 hadi 120 kwa lita kwenye nyuzi 25. Sasa mimi naweka unga kiduchu kwenye maji mengi halafu kila siku namwaga naweka mapya, yatashiba saa ngapi? Na chumvi za bafa zinaongeza kasi kuliko maji matupu.

Nimehamia SBA-15, silika nyingine yenye vitundu, kuta zake ni nanomita 3 hadi 6 hivi wakati za MCM-41 ni kama 1 tu, na imevumilia vizuri zaidi, nimefurahi mno. Ila pH ikipita 9 hata hiyo inaondoka haraka. Kwenye asidi kidogo, pH 2 au 3, silika zote mbili zinatulia.