Bango langu limeharibiwa, jina langu limeachwa pale pale. Nataka lifutwe!

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mimi si mtu wa kufungua nyuzi za kulaumu watu. Filamu yenyewe siitaji wala mwenye nayo simtaji, kwa sababu walioigiza ni vijana wenzetu na hawana kosa. Lakini jambo hili limenikaa kooni tangu Ijumaa, na jina langu liko kwenye kona ya chini ya lile bango, ukutani Darajani, kila mpita njia analisoma.

Kisa ni hichi. Niliitwa nichore bango la filamu inayohusu Mji Mkongwe wa zama za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, yaani kati ya 1870 na 1888. Mwenye kazi akanifungulia simu yake, akanionesha mabango ya Alphonse Mucha, akaniambia, "Nataka kama haya, lakini ya kwetu." Wallahi nilifurahi. Kazi kama hiyo nimeisubiri tangu niko skuli nachora pembeni mwa madaftari.

Kwa wasiomjua, Mucha ni Mcheki aliyefanya kazi Paris. Bango lake la mchezo wa Gismonda, alilomchorea mwigizaji Sarah Bernhardt, lilitoka mitaani siku ya kwanza ya mwaka 1895. Refu kama mita mbili, jembamba, mwanamke kasimama kashika tawi la mtende, na nyuma ya kichwa chake kuna tao lililoandikwa jina la Bernhardt kwa mfano wa nakshi za vigae za Bizanti, ile dola ya zamani ya Warumi wa mashariki. Mtindo huo ndio unaoitwa Art Nouveau. Watu wakiutazama wanaona maua na nywele ndefu tu, wanadhani ni urembo. Ukikaa nao sana unaona kuwa lile pambo ndilo linalobeba picha nzima. Ukiliondoa tao, yule mwanamke hana pa kusimama.

Sasa hebu fikirieni: mwanamke kasimama, tao juu ya kichwa, nakshi zinapanda kulia na kushoto. Huo si mlango? Miaka ile ile anayochora Mucha kule, mafundi hapa wanachonga milango ya Mji Mkongwe kwa akili hiyo hiyo. Mimi sikuhitaji kukopa kitu Ufaransa. Nilihitaji kutoka nje tu nikatazame.

Nikatoka. Wiki tatu nimezunguka Kiponda, Hurumzi na Malindi na karatasi nyembamba na penseli. Naiweka karatasi juu ya nakshi, napitisha penseli kwa ubavu mpaka umbo linatokea. Wenye nyumba wengine wamenitolea kiti na kahawa. Halafu nikaenda kukaa kwa mzee mmoja mchongaji, ambaye hata sasa bado anashika patasi mkono hautetemeki. Nikamuuliza mambo ya maana, samaki maana yake nini, mnyororo maana yake nini. Akaniambia niachane na hayo, kila mtembeza wageni ana maana yake. "Wewe jua mpangilio, mwanangu. Mlango unaanza chini."

Akanionesha. Chini kabisa ya miimo, mawimbi. Juu ya mawimbi, samaki. Kutoka hapo ndipo mmea unapoota, shina linapanda na kujikunja, majani na maua, mpaka linafika kwenye kizingiti cha juu. Mnyororo unazunguka kwa nje. Akaweka kidole kwenye mkato mmoja mrefu akaniambia niusikie: pembezoni umekatwa kwa kina, ndani umeparuzwa tu, ili jua la asubuhi likipiga lile ua lisimame peke yake. Mucha naye anafanya hivyo hivyo kwa wino, mstari wa nje mnene, wa ndani mwembamba! Nilirudi nyumbani nikaanza upya kila kitu.

Hata zama nilizichunga. Milango ya Kiarabu ya zamani ina kizingiti kilichonyooka. Ile ya tao la nusu duara imeenea zaidi kuelekea mwisho wa karne ya 19, na ina mkono wa Kihindi ndani yake. Nikachagua kizingiti kilichonyooka, na duara la Mucha nikalifanya waridi moja kubwa katikati ya kizingiti, juu tu ya kichwa cha bibie. Nikamvisha leso, na pindo la leso likateremka na kujikunja kama zile nywele za Mucha. Rangi nikachukua ya karafuu iliyokauka, ya chokaa, na ya shaba ya zile njumu za mlangoni. Kubwa kuliko yote, pale juu kwenye kizingiti sikuandika chochote. Nikaweka maua matupu. Nitarudi hapo.

Nikapeleka faili. Nikalipwa nusu. Nikaambiwa, "Tutarekebisha kidogo herufi."

Ijumaa nimetoka msikitini, nakatisha Darajani, naliona. Kwanza sikulijua. Kizingiti changu kimeng'olewa, mahali pake pametiwa tao la kwato ya farasi kama la Moroko, na taa za Moroko mbili zinaning'inia. Nyuma kuna kuba kama la Taj Mahal. Leso imekuwa buibui jeusi, wakati buibui hapa limeenea karne ya 20. Rangi zimekuwa chungwa na buluu inayowaka. Zile nakshi zangu za miimo wamezichukua kwenye faili wakazikatakata, kipande hapa kipande pale, kujazia nafasi. Samaki wako juu, wamening'inia vichwa chini kando ya taa. Mawimbi yamesimama wima ubavuni kama nyoka. Mzee wangu yule akilipita bango hili, mimi nimwambie nini?

Jina la filamu wameliandika mara ya pili kwa herufi za Kiarabu, kwa programu isiyojua kuziunga. Zimesimama mbalimbali moja moja, tena zinaanzia kushoto. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, yuko juzuu amma chuoni. Akanivuta kanzu, "Mjomba, mbona hizi herufi hazikushikana?" Mtoto wa miaka minane kaliona akiwa amesimama barabarani. Watu wazima wenye ofisi na kompyuta hawakuliona, au wameliona wakaona hapana neno.

Hayo yote ningeyameza, nikasema riziki imekatika, yaishe. Lililonifungulisha uzi huu ni jengine.

Milango yetu mingi imechongwa aya kwenye kizingiti. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, milango yake imeandikwa Qur'ani. Mwenye nyumba aliiweka aya pale juu ya vichwa vya wanaoingia, mahali pa hishima, palipo juu ya mkono wa kila mtu. Ndiyo maana mimi niliweka maua. Karatasi ya bango si mti wa msaji. Inabandikwa kwa gundi ya unga, mvua inakuja, inadondoka. Wao wamekwenda kupiga picha kizingiti cha mlango wa mtu, chenye aya, wakakibandika katikati ya bango kuwa pambo. Na siku ile ilikuwa imenyesha. Bango moja lilikuwa chini, kando ya mtaro, na alama ya kiatu juu yake.

Nililiokota. Nililifuta kwa kanzu yangu, nikalikunja, liko nyumbani juu ya kabati. Na kwenye kona ya chini, "Mchoro wa", halafu jina langu na la baba yangu.

Nimempigia simu mwenye kazi. Kaniambia watazamaji hawajui mambo hayo, bango kazi yake kuvutia jicho tu. Nani hawajui? Hawa watu wamezaliwa wakipita kwenye hiyo milango! Mwanamke wa Malindi anayefungua komeo lake kila alfajiri hajui samaki anakaa chini au juu? Nilipomtajia aya, akanyamaza kidogo, halafu akasema zimeshachapishwa na pesa imekwisha.

Nusu yangu iliyobaki siidai humu, hiyo nitajuana naye. Ninachotaka ni jina langu lifutwe kwenye kila bango na kila picha iliyorushwa mitandaoni, na mabango yenye aya yatolewe ukutani, hata kama filamu itaoneshwa bila bango. Jumatatu nakwenda COSOZA, wanaoshughulikia hakimiliki hapa Zanzibar, na michoro yangu yote ya penseli, na faili la mwanzo lenye tarehe. Aliyewahi kupeleka shauri kama hili kwa Sheria ya Hakimiliki yetu ya 2003 aniambie nichukue karatasi gani nyengine, nisije nikazungushwa.

Na nyinyi mnaopita Darajani, yamebandikwa upande wa mtaro, niliyahesabu sita bado yako ukutani na gundi imeshaanza kuachia. Mkilikuta moja chini, tafadhalini liokoteni. Msilitupe jaani. Niandikieni, nitakuja kulichukua mwenyewe.