Waetruski walitoka wapi hasa?

Mdadisi_Moro: Wakuu, habari za jioni. Nasikia kabla Roma haijapata nguvu, Italia ya kati ilikuwa ya Waetruski, watu waliohamia kutoka Uturuki, na maandishi yao hayasomeki mpaka leo. Kuna ukweli? Wajuzi tupeni darasa.

Mbeba_Boksi_Roma: Mkuu, mimi naishi huku Roma na nikipata off mguu haukauki Villa Giulia, makumbusho ya vitu vya Waetruski. Hiyo ya Uturuki ni ya Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale: njaa ya miaka 18 huko Lidia (Uturuki ya leo), mfalme akapiga kura, nusu ya watu wakapanda merikebu na mwanawe Tyrrhenus. Tamu kuisikiliza. Ila Dionysius wa Halicarnassus, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, aliipinga toka enzi za kale, akasema hawa ni wenyeji. Mwaka 2021 zikachapishwa DNA za mabaki ya watu 82 wa Italia ya kati na kusini, na Waetruski wakaonekana damu moja na majirani zao Walatini, yaani watu wa eneo la Roma wenye lugha ya Kilatini. Mimi nipo na Dionysius.

Maandishi yanasomeka vizuri tu! Herufi walichukua kwa Wagiriki, wakaandika kutoka kulia kwenda kushoto. Tabu ni maana, kwa sababu mengi yaliyobaki ni ya makaburini: majina, ukoo, umri. Andiko lao refu kuliko yote lilikuwa kwenye kitani, likachanwa likaviringishiwa maiti Misri. Leo lipo Zagreb, Kroatia.

Binti_Sayuni: Sasa kama ni damu moja na Walatini, mbona lugha haziingiliani hata kidogo? Na lile jiwe la kisiwa cha Lemnos, Ugiriki, lenye maandishi ya lugha inayofanana na yao?

Mbeba_Boksi_Roma: Dada, hapo umenibana. Lugha na damu si lazima zisafiri pamoja; naona wageni waliingia wakaoa, lugha ya zamani ikabaki. Lemnos wataalamu wenyewe bado wanavutana.

Kinachonivuta zaidi ni maisha yao. Kuna jeneza la udongo wa kuchoma kutoka Cerveteri, la mwaka 520 KK hivi: mke na mume wamejilaza kochi moja karamuni, mama kavaa kofia na viatu vyenye ncha iliyopinda juu, baba kamwekea mkono begani. Wagiriki walikuwa wanawasema vibaya kwa hilo, eti mke wa mtu anakula na wanaume!

Mdadisi_Moro: Shukrani mkuu. Kiingilio hapo Villa Giulia shilingi ngapi?

Mbeba_Boksi_Roma: Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure. Wahi asubuhi.