Je, wananchi wanaweza kufuta kwa kura yao adhabu ya kukutwa na bangi?

Mdau wa Nzuguni
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nimesoma kwamba katika baadhi ya majimbo ya Marekani wananchi hukusanya saini na kupiga kura ya kuondoa adhabu ya kukutwa na bangi kidogo. Sisi wa Dodoma tunaishi jirani na Bunge, lakini sijawahi kusikia mwananchi akipeleka sheria moja kwa moja kwa wapiga kura. Naomba kuelezwa utaratibu huo, na kama kwetu upo, kwa sababu inaniuma sana kuona kijana akipoteza ujana wake gerezani kwa msokoto mmoja.

Wakili, Area C
Ndugu yangu, chukua mfano wa Massachusetts. Pendekezo huanza na wapiga kura 10, Mwanasheria Mkuu wa jimbo hulikagua, ndipo saini hukusanywa kwa maelfu. Na masharti ni makali kiasi kwamba karatasi ikichorwa alama isiyohusika, saini zake zote zinaweza kukataliwa. Bunge la jimbo hupewa nafasi ya kulipitisha kwanza, na lisipofanya hivyo, waanzilishi huongeza saini na wananchi huamua. Novemba 2008 takriban asilimia 65 walikubali kwamba anayekutwa na aunsi moja au pungufu, yaani kama gramu 28, asishtakiwe kwa jinai bali atozwe dola 100, na aliye chini ya miaka 18 ahudhurie pia mafunzo kuhusu dawa za kulevya. Kuuza kulibaki kosa. Huko hakukuwa kuhalalisha. Colorado ni miongoni mwa yaliyohalalisha, mwaka 2012.

Kwetu utaratibu huo haupo. Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013 ilitungwa kwa ajili ya Katiba Inayopendekezwa, wala haigusi sheria za kawaida.

Muuguzi, Makole
Wakili, ahsante, lakini tusisahau Oregon. Mwaka 2020 wapiga kura waliondoa adhabu ya jinai kwa kiasi kidogo cha dawa za kulevya za kila aina, fedha za tiba zikachelewa kuwafikia walengwa, na mwaka 2024 bunge la jimbo likairudisha. Mimi simtakii kijana jela, ila namtakia tiba iliyo tayari siku ile ile adhabu inapoondoka.

Mtendaji mstaafu, Bahi
Wapo watakaouliza kama Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kuamua hili. Hauwezi, kwa kuwa sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Hata Denver, wananchi walipoondoa adhabu katika sheria za jiji mwaka 2005, polisi waliendelea kushtaki watu kwa sheria ya jimbo. Kijiji kizima kikinyoosha mikono, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 itabaki pale pale.

Mdau wa Nzuguni
Shikamoo mzee wangu, nashukuru. Sasa mwananchi apite wapi?

Wakili, Area C
Njia ni mbili. Muswada wa marekebisho ukifika kwenye kamati, wadau hualikwa kutoa maoni hapa Dodoma. Andika ukitaja kifungu na maneno unayotaka yabadilishwe, maana malalamiko ya jumla hayamsaidii mwandishi wa sheria. Njia nyingine ni Mahakama Kuu, kama Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa kutumia bangi faraghani. Ila marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka mlalamikaji wa haki za msingi hapa kwetu aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika.